Kabazana: Mwenyekiti aliyeomba radhi mbele ya watu wake

NILIFIKA Kabazana siku ya Jumanne, mwezi Agosti 2023, nikiwa na vumbi hadi kwenye nyusi. Nilikuwa nimetoka Nyagatare alfajiri ya siku iliyotangulia, nikavuka Kagitumba, nikalala Mbarara, na asubuhi nikapanda gari la kwenda Isingiro, kisha bodaboda hadi ndani ya makazi ya wakimbizi ya Nakivale. Sikuwa na shughuli yoyote ya kiofisi huko. Nilikwenda kuona mahali nilipozaliwa na, kama ningebahatika, kaburi la bibi yangu.

Kaburi sikuliona. Pale nilipodhani lipo pamelimwa mahindi, na mwenye shamba, Mkongo mpole, hakuwahi kusikia kwamba kulikuwa na kaburi. Nilirudi barabarani nikiwa na moyo mzito, na hapo ndipo nilipokuta watu wamekusanyika chini ya mti, wengine wamekalia madumu ya maji, wengine wamesimama na watoto mgongoni. Nikasogea. Mwalimu akiona kikao hawezi kupita bila kusikiliza.

Ulikuwa mkutano wa kijiji. Mwenyekiti wao alikuwa kijana wa miaka thelathini na kitu, kandambili miguuni, daftari la mraba mkononi. Aliongea Kiswahili cha Kongo, na vijana wawili wakatafsiri kwa Kirundi na Kinyarwanda kwa ajili ya wasiokijua.

Ili msomaji aelewe uzito wa mkutano ule, sina budi kueleza kidogo. Mwezi Julai mwaka huo Shirika la Mpango wa Chakula Duniani (WFP), kwa upungufu wa fedha, lilianza kuwagawa wakimbizi walioko Uganda katika makundi matatu. Kundi la kwanza lilipata asilimia 60 ya posho kamili, la pili asilimia 30, na la tatu halikupata kitu. Kuwekwa kundi hili au lile ikawa ndiyo habari ya kila nyumba. Waliodhani wamepangwa kimakosa walitakiwa kujieleza ili suala lao litazamwe upya, na wengi walipitia kwa viongozi wao.

Bibi mmoja, Mkongo anayelea wajukuu, alikuwa amewekwa kundi ambalo kila aliyemfahamu alikubali halikuwa lake. Alimpa mwenyekiti jina lake alipeleke. Jina halikufika. Siku zikapita, bibi akawa anazunguka akisema kwamba ofisi imemkataa.

"Si ofisi," mwenyekiti alisema mbele ya watu wote. "Si kompyuta. Ni mimi nilikosa. Jina la mama nililiandika humu ndani ya daftari, na sikulifikisha. Nilisahau, na nilipokumbuka niliona haya kusema. Mama, unisamehe."

Kimya kilitanda. Kijana aliyekuwa nyuma yangu akacheka chini kwa chini, akamwambia mwenzake kuwa huyu uchaguzi ujao ameshaupoteza. Mwenyekiti akaendelea: kesho asubuhi atakwenda na bibi hadi ofisini, miguu kwa miguu, na hadi jambo litakapopata jibu, kila juma atampelekea maharagwe kutoka shamba lake. Baadaye jirani yake alininong'oneza kuwa mwenyekiti mwenyewe na watoto wake wamo katika kundi la tatu.

Nilitarajia bibi alie, au aseme amesamehe, kama inavyokuwa katika mahubiri yetu. Hakufanya hivyo. Alimtazama muda mrefu, kisha akasema, "Ungesema juma lililopita, nisingeuza sufuria yangu."

Mwenyekiti akageukia watu. "Nani alinunua sufuria ya mama?"

Watu wakaangua kicheko. Mwanamke mmoja akainua mkono taratibu. Bei ikatajwa, mwenyekiti akaiandika katika daftari lake, na mkutano ukaendelea na habari za bomba la maji.

Mimi sikusikia tena habari za bomba. Nilitamani kuondoka, kwa sababu maneno ya kijana yule yalikuwa yamenifikia mahali ambapo nilidhani pamefunikwa vizuri.

Mwaka 2017 nilikuwa mwalimu mkuu wa shule moja upande wetu wa mpaka. Kulikuwa na mama mwenye watoto wawili shuleni kwetu, mfanyabiashara wa kuvuka mpaka, anayeleta karanga na dagaa kutoka upande wa pili. Mchango wake wa chakula cha wanafunzi, faranga 15,000, haukuonekana kwenye vitabu. Alisema amelipa. Alisema alinikabidhi mimi mwenyewe, mkononi, siku ambayo mhasibu hakuwepo, na kwamba stakabadhi aliiacha kwangu ipigwe mhuri. Nilimwambia sikumbuki jambo kama hilo. Katika mkutano wa wazazi nilisoma majina ya wanaodaiwa, na nilipofika kwa jina lake nikaongeza maneno ambayo hakuna aliyenituma kuyasema: kwamba wapo watu wanaokuza mitaji yao kwa chakula cha watoto wa wenzao.

Alilipa mara ya pili. Mwezi wa tatu wa mwaka uliofuata niliikuta stakabadhi ndani ya daftari la mahudhurio, imejikunja, haina mhuri.

Nilifanya nini? Niliagiza kwamba mchango wake wa muhula uliofuata uhesabiwe umelipwa. Nilijiambia kuwa haki imetendeka. Fedha yake niliirudisha. Jina lake sikulirudisha.

Wafanyabiashara wa mpakani wanaosoma makala haya wanajua jina ni nini. Wengi wao hawana hati ya nyumba ya kuweka rehani benki. Mtaji wao ni mali kauli: unachukua gunia leo, unalipa ukishauza, na kinachosimama katikati ni neno lako tu. Mkutano ule ulikuwa na wazazi ambao ni wafanyabiashara wenzake. Nilisikia baadaye kwamba wawili waliacha kumpa mzigo bila fedha taslimu. Kisha ikaja Februari 2019, safari za kuvuka kwenda Uganda zikazuiwa, na hadi Gatuna ilipofunguliwa tena tarehe 31 Januari 2022 yeye alikuwa ameshashuka hadi kuuza nyanya za mafungu. Mpaka ulipofunguka wenzake walirudi kwenye biashara kwa mali kauli. Yeye hakupata wa kumwamini.

Haya yote nilikuwa nayafahamu, na kila Jumapili nilikuwa nakaa kiti cha mbele kanisani.

Hebu nirudi Nakivale, maana mahali pale panafundisha. Makazi yale yalifunguliwa mwaka 1958 na kutambuliwa rasmi mwaka 1960, wakati wazazi wetu walipokuwa wakikimbia Rwanda. Ni miongoni mwa makazi makongwe ya wakimbizi barani Afrika. Sisi wa kizazi changu tulisoma huko, tukateka maji ya ziwa huko, na mwaka 1982, Banyarwanda walipofukuzwa kutoka vijiji vya Ankole, tuliona watu wakiingia na ng'ombe wachache, mabati kichwani. Tulipoondoka mwaka 1994 na baada yake, wengine wakaja. Leo wapo Wakongo, Warundi, Wasomali, Wahabeshi na wengineo, zaidi ya laki moja.

Viongozi wao huchaguliwa na wakimbizi wenyewe katika kamati za ustawi wa wakimbizi, ambazo kila mtu huziita RWC, kwa ngazi tatu kufuata mfano wa mabaraza ya mitaa ya Uganda. Si ajira ya mshahara. Kiongozi wa ngazi ya kijiji anaamshwa usiku kwa ugomvi wa ndoa, anasindikiza wagonjwa, anabeba orodha. Na orodha ndiyo yenye hatari, kwani penye njaa anayeshika orodha ameshika sufuria ya watu.

Hapana haja ya kuficha kwamba orodha zimewahi kutumiwa vibaya. Mwaka 2018, baada ya tuhuma za kuongezwa kwa idadi ya wakimbizi, Serikali ya Uganda na Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi (UNHCR) walihakiki watu wote upya kwa alama za vidole na macho. Idadi iliyokuwa ikitajwa ya takriban milioni 1.4 ilishuka hadi takriban milioni 1.1. Mashine ziliweza kuhesabu vidole. Kumfanya mtu aseme "ni mimi nilikosa" hakuna mashine inayoweza.

Siku hizi semina za uongozi wa kitumishi ni nyingi, Kigali kwa Kampala, chai na sambusa juu yake. Wengine hudhani ni elimu mpya kutoka Marekani kwa sababu Robert Greenleaf aliandika insha yake maarufu juu ya jambo hilo mwaka 1970. Sisi wa ukanda huu tulikuwa nalo jirani zaidi, na halikuanzia hotelini. Lilianzia hospitali ya Gahini, kando ya Ziwa Muhazi, katika Kayonza ya leo.

Mwanzoni mwa miaka ya 1930 msimamizi wa wahudumu wa hospitali ile alikuwa Yosiya Kinuka. Hospitali ilikuwa na manung'uniko, wahudumu wamegawanyika, kazi imepoa. Kinuka alisafiri hadi Kampala kumwona Simeoni Nsibambi, yule Mganda ambaye mwaka 1929 alikutana na daktari Joe Church pale Namirembe, kukutana ambako wengi hukuhesabu kuwa chanzo cha Uamsho wa Afrika Mashariki. Kinuka alimweleza Nsibambi matatizo ya hospitali na makosa ya wenzake. Nsibambi akamjibu kwamba shida iko ndani ya moyo wa Kinuka mwenyewe.

Hebu fikiria, ndugu msomaji, umesafiri siku kadhaa kwenda kushitaki, na hukumu inakuangukia wewe. Wengi tungerudi na hasira. Kinuka alirudi Gahini akaanza kutubu kwa wale aliokuwa akiwasimamia. Wazungu wa misheni nao wakajikuta wakiomba radhi kwa Waafrika waliowadharau, jambo ambalo kwa wakati wa ukoloni lilikuwa kama kugeuza dunia chini juu.

Aliyenisumbua zaidi katika safari yangu ya kurudi ni Askofu Festo Kivengere. Alizaliwa Rukungiri mwaka 1919, akawa mwalimu kama sisi, akafundisha miaka mingi Dodoma, na mwaka 1960 alimtafsiria Billy Graham kwa Kiswahili pale Moshi. Wengi humkumbuka kwa mahubiri. Mimi namkumbuka kwa baiskeli. Baada ya kuokoka alipanda baiskeli mwendo wa maili 50 kwenda kumwomba radhi Mzungu mmoja aliyekuwa akimchukia. Maili 50 katika milima ile! Na Mzungu mwenyewe hakuwa amemwita.

Alipenda pia kusimulia habari ya nyumbani kwake. Aligombana na mkewe, Mera, siku ambayo alitakiwa kuhubiri. Alipokuwa akitoka akasikia moyoni kwamba arudi kwanza amwombe radhi. Akajitetea kuwa watu wanamsubiri. Jibu alilolisikia lilikuwa kwamba yeye aende tu akahubiri, Mungu atabaki jikoni na mkewe. Akarudi jikoni.

Mwaka 1977 mtu huyu alijaribiwa kwa jambo kubwa kuliko ugomvi wa jikoni. Tarehe 16 Februari Askofu Mkuu Janani Luwum aliuawa chini ya utawala wa Idi Amin. Siku chache baadaye Kivengere na Mera walivuka milima usiku kwa miguu wakaingia Rwanda. Sisi Wanyarwanda tulikuwa Nakivale tukihifadhiwa na Uganda, na askofu wa Uganda akawa mkimbizi Rwanda. Mwaka huohuo kilichapishwa kitabu chake chenye jina lililowaudhi wengi, kisemacho kwamba anampenda Idi Amin. Hakusema Amin hana hatia. Alikataa tu kubeba chuki mpakani pamoja na mzigo wake. Amin alipoanguka mwaka 1979 alirudi Kigezi, akafanya kazi hadi alipofariki mwaka 1988.

Nadhani mambo makubwa kama lile la 1977 hayaji kwa mtu asiyezoea madogo. Aliyezoea kurudi jikoni ndiye aliyeweza kusamehe mlimani.

Hata hivyo nisipake rangi. Uamsho ulioanzia Gahini haukuizuia nchi yetu kufika mwaka 1994. Katika mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi watu waliuawa ndani ya makanisa waliyobatizwa, na mahakama ya kimataifa iliyokuwa Arusha iliwatia hatiani, miongoni mwa wengine, mchungaji na padre. Walijua Biblia. Walivaa kanzu. Kwa hiyo mtu akiniambia kuwa fulani ni kiongozi mwema kwa sababu ni wa kanisa, siku hizi nanyamaza.

Katika mwaka huohuo, mjini Gisenyi, Felicita Niyitegeka alikuwa akisimamia kituo cha Saint Pierre. Aliwaficha watu na kuwasaidia wengine kuvukia Goma. Kaka yake, kanali katika jeshi la wakati ule, alimsihi aondoke ajiokoe. Alijibu kuwa hawezi kuwaacha watu zaidi ya 40 waliokuwa mikononi mwake. Aliuawa tarehe 21 Aprili 1994 pamoja na wale aliokataa kuwaacha. Leo ni shujaa wa taifa katika daraja la Imena. Kituo alichokuwa akikiongoza kilikuwa kidogo tu.

Katika Injili ya Yohana sura ya 13, Yesu anavua vazi la nje, anajifunga kitambaa, anawaosha wanafunzi miguu. Tumeizoea habari hii hadi tumeisafisha. Kila Alhamisi Kuu tunaletewa miguu iliyokwisha kuoshwa nyumbani. Lakini anayevuka Kagitumba kwa mguu akiwa na kilo 30 kichwani anajua miguu ya safari inavyokuwa: vumbi, jasho, nyufa za kisigino. Ndiyo iliyooshwa usiku ule, pamoja na ya Yuda. Na Petro alikataa. Nilikuwa nadhani alikataa kwa unyenyekevu. Sasa nadhani aliogopa, maana bwana akiinama, msaidizi wake hana pa kusimama.

Nilipoeleza haya kwa mwalimu mwenzangu baada ya kurudi, alinionya. Wazazi watakupanda kichwani, alisema. Ukikiri moja watakubambikia kumi. Mke wangu naye alisema fedha nilishairudisha, nifukue nini tena? Sikuwa na jibu la maana. Niliogopa jambo jingine pia, nalo ni kiini macho. Tumeona wakubwa wanaopiga magoti mbele ya kamera wakati wa kampeni, wakatubu makosa ambayo hayana jina wala tarehe wala mtu aliyeumia. Mwenyekiti wa Kabazana alitaja daftari, alimtaja mama, akauliza sufuria iko wapi. Hata Zakayo hakuishia kusema ametubu. Alitaja hesabu, mara nne.

Mwezi Oktoba 2023 tulikuwa na mkutano wa wazazi. Mtoto mdogo wa yule mama alikuwa bado anasoma kwetu, naye mama alikuja, akakaa nyuma karibu na mlango kama alivyozoea tangu siku ile. Ajenda ya kwanza ilikuwa paa la jiko. Niliomba ianze ya kwangu.

Nilisimama na stakabadhi mkononi. Nilitaja mwaka, kiasi, na maneno yangu yaleyale niliyoyasema mwaka 2017, yote, ingawa mdomo ulikuwa umekauka. Nilisema alilipa, akanikabidhi mimi, na mimi ndiye niliyepoteza. Nilisema pia kwamba niliikuta stakabadhi mwaka 2018 na nikanyamaza miaka mitano. Sehemu hii ya mwisho ndiyo iliyowafanya watu wageuke kutazamana.

Mama akanyanyuka, akaja mbele, akanyosha mkono. Nilidhani ananipa mkono. Alichukua stakabadhi.

"Mama, hiyo ni kumbukumbu ya shule," nilisema.

"Ni yangu, Mwalimu. Nimeilipia mara mbili."

Aliikunja, akaifunga kwenye pindo la kitenge chake. Kisha akaniambia, kwa sauti ambayo wazazi wa mstari wa mbele tu ndio waliisikia, kwamba nimefanya vizuri, lakini waliomo humu ndani si wote walioacha kumpa mzigo. Wengine hawana watoto hapa. Wako sokoni, mpakani. Je, naweza kwenda kusema huko?

Siku ya gulio niliomba ruhusa saa nne asubuhi, nikachukua bodaboda. Nilipofika alikuwa ameshatangulia. Amekalia gunia tupu, na pembeni yake amewaita watu watano.